Kinyozi na Ngozi za Wanamieleka

Ukishika vichwa vya watu kwa miaka mingi, macho yanapata tabia zake. Kinyozi alikuwa amefika mahali ambapo hata akisalimiana na mtu njiani, macho yake yalianzia kisogoni, yakazunguka nyuma ya sikio, ndipo yakafika usoni. Mkewe alimwonya kwamba siku moja atapigwa kofi na mke wa mtu. Alijibu kwamba kofi hilo atalipokea kwa heshima, ila kwanza atamwambia huyo mama aende akatibiwe mapunye.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Kinyozi. Chumba chake cha kazi kilikuwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kibanda cha fundi viatu, kina kioo kimoja na viti viwili, kimoja cha wateja, kingine cha wapiga soga. Kila mashine ilipomaliza kichwa aliivua meno, akayapiga brashi, akayalaza kwenye spiriti, na mteja mwenye haraka aliambiwa kwa upole kwamba fangasi hana habari na haraka yake. Jioni alifunga mlango, akavua aproni, akashika njia ya kwenda klabuni. Njiani mwili wake ulibadilika. Mabega yalishuka, shingo ikazama, mwendo ukawa wa mtu anayetafuta mahali pa kushika. Aliyemwona saa hiyo hakuhitaji kutazama sikio lake la kushoto, lililojikunja kama jani la kabichi lililoguswa na moto, ili ajue kwamba huyu alikuwa mwanamieleka.

Klabu ilikuwa katika ghala la zamani la saruji. Kuta zilikuwa bado na ule uvumbi wa kijivu ambao hakuna ufagio uliowahi kuumaliza, na mwanga uliingia kupitia mabati mawili ya plastiki yaliyowekwa juu ya paa. Chini ilitandazwa mikeka minene ya sponji iliyovishwa turubai. Hapo ndipo Kinyozi alipokulia. Hapo alijifunza kuanguka, na baadaye akawafundisha wengine, kwa sababu marehemu Kocha wa kwanza alipoishiwa nguvu hakumwona mwingine wa kumwachia filimbi.

Pamoja na filimbi alimwachia taulo.

Lilikuwa taulo la buluu, na kila mtu klabuni aliliita taulo la bingwa. Desturi yake ilikuwa hivi: mchezaji akishinda, Kocha anamfuta uso, shingo na mikono kwa taulo hilo, kisha linapita kwa wengine, na kila mmoja anajipangusa nalo ili apate kipande cha ushindi. Watoto waliokuwa wageni waliisubiri kwa hamu zamu yao ya kuligusa. Halikufuliwa msimu ulipokuwa ukiendelea, maana kulifua, walisema, ni kuufua ushindi. Na kwa kuwa msimu mmoja ulishika mkono wa mwingine, taulo hilo kwa kweli halikufuliwa kabisa. Lilikuwa na harufu yake, nzito, ya chumvi na mpira, na wazee wa klabu waliivuta kama watu wengine wanavyovuta harufu ya nyumba ya mama yao.

Kinyozi, aliyelaza meno ya mashine kwenye spiriti mchana kutwa, jioni alilipitisha taulo lile kutoka uso hadi uso bila wasiwasi wowote. Ndivyo tulivyo. Jambo tunalolijua kazini tunaliacha mlangoni pamoja na aproni, hasa kama huko tuendako kuna kitu tunachokipenda.

Kisha yakaja majipu.

Yalianza kwa mmoja, kwenye kwapa. Akacheka nayo, akayabinya, akaendelea na mazoezi. Muda si mrefu yakawa kwa watu wa kila umri, mapajani, shingoni, kwenye mikono, na kwa wengine choa zikaandamana nayo, zile duara zenye ukingo mwekundu ambazo watoto walizihesabu kwa majivuno kana kwamba ni medali. Aliyeumizwa zaidi alikuwa Gogo, kijana mwenye nguvu kuliko wote, aliyeitwa hivyo kwa sababu kumwinua ilikuwa kama kuinua mti uliolala. Jipu la paja lake lilizama ndani. Homa ikapanda. Wakamlaza hospitali, wakampasua, wakamsafisha, na kwa siku kadhaa Kinyozi alikaa kwenye benchi la korido akisikia mama yake Gogo akilia kwa sauti ndogo, ile sauti ya mtu asiyetaka kumlaumu yeyote. Alitamani amlaumu. Ingekuwa nafuu.

Gogo alipona. Mguu ulirudi, ila paja lilibaki na kovu refu lililozama, na nguvu ya kushindana haikurudi tena.

Mtu aliyeleta mabadiliko alikuwa Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, nesi wa zahanati ya jirani. Kati yake na Kinyozi utani haukuwahi kukauka. Alikuja ukumbini akiwa na sare yake ya kazi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema hataki kuambiwa lolote, wafanye mazoezi kama siku zote. Wakafanya. Waliingia na viatu vya njiani hadi kwenye mkeka. Wakakamatana, shavu kwa shavu, paji kwa bega. Walipomaliza, taulo la bingwa likatoka.

Shemeji alisimama, akalipokea kwa ncha za vidole viwili.

"Shemeji yangu," akasema, "hiki ni kitu gani?"

Kinyozi akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa heshima ya marehemu, na wachezaji wakaitikia kwa vichwa.

"Kwa hiyo jasho la mwenye jipu linamfikia kila mtu, na mnalipigia makofi."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alisimulia baadaye kwamba wakati ule alijiona kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Aliomba walau alifue, asilichome, kwa ajili ya mzee. Shemeji akakubali. Wakalichemsha kwenye sufuria kubwa nyuma ya ukumbi, na walipolikoroga kwa mti halikutoka taulo. Zilitoka nyuzi, na uji wa kijivu.

"Kumbe uchafu ndio uliokuwa umelishikilia," Shemeji akasema, na safari hii ukumbi mzima ukaangua kicheko, Kinyozi mwenyewe akiwa wa kwanza, huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyeuliza kama yote yalikuwa ya kucheka.

Tangu hapo klabu ikapata maisha mapya, na maisha hayo yalianzia mlangoni. Kabla ya mazoezi mkeka ulipigwa deki kwa maji yenye dawa ya klorini, ukaachwa ukauke ndipo mguu wa kwanza uukanyage. Viatu vya mkekani havikutoka nje na vya nje havikuingia. Kila mtu na taulo lake, na chupa yake ya maji. Nguo za mazoezi zinafuliwa kila zikivaliwa, hakuna cha kuzikunja kwenye begi mpaka kesho. Kucha fupi. Mchubuko unafunikwa. Mazoezi yakiisha, mtu anaoga kwa sabuni hapohapo, kwenye mabafu mawili ambayo wazazi waliyajenga kwa mabati, kabla hajaenda kumkumbatia mama yake. Na la mwisho, lililokuwa zito kuliko yote: kila mchezaji anapita mbele ya Kocha, akiwa na kaptura na fulana, bila kilinda goti wala kitambaa, Kocha anamkagua. Shingo, nyuma ya masikio, mikono, viwiko, magoti mbele na nyuma. Gogo alisimama pembeni akimulika tochi. Sehemu zisizoonekana, mtu aliulizwa, na alitakiwa aseme kweli. Aliyekutwa na kitu hakugombezwa. Alipelekwa kwa Shemeji, akatibiwa, akarudi Shemeji aliporidhika, wala si siku moja kabla.

Klabu nyingine ziliwacheka. Waliitwa Timu ya Sabuni. Mashindanoni watu walijifanya wanawanusa na kuuliza kama wamejipaka pafyumu ya harusi. Kinyozi aliwaambia vijana wake wasijibu. Ila kimya chake hakikuwa cha unyonge. Alikuwa akitazama ngozi zao chini ya taa za ukumbi wa mashindano, safi, zinazong'aa, bila doa, na alijisikia kama mkulima anayepita kando ya shamba lake. Msimu mzima uliweza kupita bila mtu wake hata mmoja kubaki nyumbani kwa jipu. Wale waliowacheka walikuja mmoja mmoja, kwa chati, kuuliza dawa ya deki inachanganywaje. Aliwaonyesha wote.

Sasa tufike kwa Gundi.

Gundi alikuwa binti yake wa mwisho. Alipewa jina hilo kwa sababu akishapata mguu wako, hauachi. Unaweza kumzungusha, kumkanyaga, kumpigia kelele, yeye yumo, shavu limebana kwenye paja, mpaka unaanguka kwa kuchoka. Walikuwa na mapatano baina yao. Nyumbani ni Baba. Ndani ya ukumbi ni Kocha, na hapendelewi. Mwaka ule alikuwa katika kiwango ambacho Kinyozi hakuwahi kumwona nacho mchezaji yeyote, hata yeye mwenyewe katika ujana wake. Mashindano ya mkoa yalikuwa yanakuja, na habari ilikuwa imethibitishwa kwamba wateuzi wa timu ya taifa watakaa mstari wa mbele, na kwamba katika uzito wake wanamtafuta msichana mmoja. Mmoja tu. Mwakani angekuwa amepanda uzito, na huko juu kulikuwa na wengine wanaojulikana tayari. Kama si safari hii, basi huenda isiwe tena. Wote wawili walilijua hilo na hawakulizungumza.

Asubuhi ya mashindano, wakinywa chai, Kinyozi aliona kwamba binti yake amekaa na mguu mmoja umenyooshwa. Si kawaida yake. Gundi alikaa siku zote amekunja miguu juu ya kiti, na mama yake alimgombeza kwa hilo kila siku. Asubuhi ile mama hakuwa na la kugombeza. Kinyozi aliutazama mguu ule, kisha akatazama kikombe chake, akakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani.

Jambo usilolitazama hulijui. Alijiambia hivyo mpaka ukumbini.

Basi la kukodi lilikuwa limeegeshwa nje, dereva akipangusa kioo. Ukaguzi ukafanyika kabla ya kupanda, kama siku zote. Wachezaji wakapita, wakageuza shingo, wakainua mikono, wakatania. Mwenyekiti wa klabu, muuza mbao mwenye tumbo la furaha, alisimama karibu na mlango akihimiza watu wafanye haraka. Zamu ya Gundi ikafika. Alikuwa amevaa vilinda goti vyote viwili.

Kila mtu mwingine angeambiwa avivue. Kinyozi alimshika binti yake shingo, akamtazama nyuma ya masikio, akamgeuza viganja, akapita juu ya viwiko. Hapo mkono wake ukasimama.

"Pita," akasema.

Gogo alizima tochi.

Ndicho alichokikumbuka Kinyozi baadaye kuliko kingine chochote, ile sauti ndogo ya swichi. Gundi alichukua hatua moja kuelekea mlangoni. Hakuchukua ya pili. Alisimama akiwa ameipa foleni mgongo, na waliokuwa nyuma yake wakaacha utani, kwa sababu mwili wa mtu aliyesimama vibaya unaonekana hata na asiyejua mieleka. Kisha akageuka.

"Kocha, hujaniangalia magoti."

"Nimekuangalia."

"Umeniangalia kama Baba."

Aliinama, akakiteremsha kilinda goti cha kulia, akageuka awaonyeshe nyuma ya mguu. Katika mkunjo wa goti lilikuwa jipu, jekundu, limeiva, na kichwa chake kimeshaanza kutoa maji. Gogo akawasha tena tochi. Hakukuwa na haja ya tochi. Jua lilikuwa limejaa mlango mzima. Lakini aliwasha.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata ulimi. Alimvuta Kinyozi pembeni, ingawa sauti yake haikujua kukaa pembeni. Akasema waamuzi kule wanatazama uso na viganja tu, yeye mwenyewe amewaona. Lifungwe kitambaa, kilinda goti kirudi juu, mapambano ni ya dakika chache, kesho ataenda hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Gundi tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na alikuwa amewaambia wateja wake wote wa mbao kwamba binti wa klabu yake anakwenda timu ya taifa. "Nani atajua?" akauliza, karibu kwa kubembeleza.

Kinyozi aliyatambua. Yale maneno yalikuwa yake. Alijiambia ya namna hiyohiyo pale mezani, kimoyomoyo, akikoroga chai.

"Mwenyekiti, goti ndilo wanalolishika," akasema. "Atakayepigana naye ataweka shavu hapo hapo. Mtoto wa mwenzangu."

Macho ya Mwenyekiti yalishuka, yakatua kwenye paja la Gogo, kwenye lile kovu, na hayakurudi kwa Gundi mpaka basi lilipoondoka.

Kinyozi akaenda mbele ya foleni. Akawaambia wote wasikie kwamba alilijua lile jipu, au alikuwa karibu kulijua, na amelipitisha. Kwamba tangu leo magoti ya Gundi hatayakagua yeye, atayakagua Gogo. Na waliokwisha kupita warudi, wakaguliwe upya, maana mkaguzi wa kwanza ameharibu kazi. Alisema haya bila kupandisha sauti. Wakarudi, mmoja mmoja, na Gogo akawakagua, naye Kinyozi akashika tochi.

Hakupanda basi. Aliwaacha waende na Gogo, yeye akampeleka binti yake zahanati kwa miguu, polepole. Njiani Gundi alilia, na hakujificha. Alimwambia baba yake ukweli wote: kwamba jipu alilianza kulisikia juzi, kwamba alivaa vilinda goti kwa makusudi. "Nilisema moyoni, ukiniambia nivue, navua. Ukiniambia nipite, napita. Basi ukaniambia nipite." Akapangusa pua kwa kiganja. "Miguu ikakataa, Baba. Sijui kwa nini. Nilitaka kupita."

Kinyozi alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu aache kuvushwa barabara.

Shemeji alimlaza kifudifudi, akalisafisha jipu na kulifunga, akatoa dawa, akaonya kwamba anayelibinya atamjibu yeye. Alipoambiwa yaliyotokea mlangoni alivua glavu zake taratibu. Kisha akamwambia shemeji yake kwamba amezoea kumcheka, ila leo ana wivu naye. Angetamani mtoto huyu awe wa kwake.

Timu ilirudi jioni ikiwa ya pili. Walipungukiwa na pointi ambazo kila mtu alijua ni za nani. Wateuzi walimchukua msichana wa klabu nyingine, mzuri, mwenye mikono mirefu, na Gogo alisema kwa haki kwamba anastahili. Gundi aliuliza alishinda vipi. Gogo akamwonyesha, palepale uani, akimtumia Mwenyekiti kama mpinzani, na Mwenyekiti alipojikuta ameketi chini bila kutaka, Gundi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akasema yeye asingeangushwa namna hiyo, asilani, na akaingia ndani, na hawakumwona tena mpaka asubuhi.

Kesho yake wateja walikuja kunyoa, na wengine ambao nywele zao hazikuwa na haja ya kunyolewa walikuja vilevile. Habari ilikuwa imefika mtaani ikiwa nusu, kama habari zote: Gundi hakucheza, nafasi imepotea. Fundi viatu aliacha kazi yake, akaja na kusimama mlangoni, kofia mkononi.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

Kinyozi alikuwa akimnyoa mzee mmoja kisogoni. Aliinua mashine, akaizima ili asikike vizuri.

"Pole ya nini?"

Fundi viatu akababaika, akasema, si binti yake, si mashindano, watu wanasema hakucheza.

"Hakucheza," Kinyozi akasema. Alilisema kama wazazi wengine wanavyosema mtoto wao amefaulu, taratibu, akilipa neno nafasi likae. "Kaa hapo, kwenye kiti cha soga. Huyu mzee nikimmaliza nitakueleza alivyokataa."

Mzee aliyekuwa akinyolewa akasema yeye hana haraka ya kumalizwa, mashine ibaki imezimwa, aeleze sasa hivi.